Kabla ya kuliachia soko, tuulize nani anaweza kuondoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao wasomaji wenzangu wamekuwa wakiuendesha kwa wiki kadhaa sasa, kuhusu iwapo serikali ijitoe katika kuendesha shule, hospitali na baadhi ya shughuli za mahakama na magereza, na kuiachia kazi hiyo sekta binafsi. Nimezisoma barua za pande zote kwa makini. Kinachonisumbua ni kwamba pande zote zinayataja mambo hayo matatu kwa pumzi moja: anayelipenda soko analitaka kotekote, na anayelichukia analikataa kotekote. Mimi nilifanya kazi ya ukarani katika masjala ya mahakama kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu, na kwa nilivyoona, elimu, tiba na haki vina tabia tofauti mno, kiasi kwamba kuvifunga katika mzigo mmoja ni kuwapotosha wananchi.

Soko hutoa huduma nzuri kwa sababu mnunuzi asiyeridhika anaweza kuondoka, na muuzaji analijua hilo tangu anapofungua mlango asubuhi. Hofu ya kukimbiwa ndiyo inayomfanya apime sawasawa, aseme kwa adabu na asipandishe bei ovyo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini msemo huo unamtaka mnunuzi awe na macho ya kutambua chema, awe na muda wa kuzunguka, na awe na mahali pengine pa kwenda. Kwa hiyo kila tunapoambiwa kuwa huduma fulani ya serikali iachiwe soko, swali langu la kwanza huwa ni hili: anayehudumiwa ataweza kuondoka? Akiweza, je, atajua kuwa alikokwenda ni afadhali kuliko alikotoka? Na akishaondoka, nani anabaki na hasara?

Nianze na elimu, kwa sababu hapo ndipo hoja ya soko ina nguvu zaidi, na sisi tunaoitilia shaka tunapaswa kukiri hivyo bila kusukumwa. Mwaka 1955 mchumi wa Marekani Milton Friedman alitenganisha mambo mawili ambayo watu wengi walikuwa wakiyachanganya: kulipia elimu na kuendesha shule. Serikali, kwa maoni yake, inaweza kugharamia masomo ya kila mtoto kwa kumpa mzazi vocha, kisha mzazi akaipeleka kwenye shule anayoitaka, iwe ya umma, ya dini au ya mtu binafsi. Karibu karne mbili kabla yake, mwaka 1776, Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti anayeitwa baba wa elimu ya uchumi, alikuwa amekwisha kuandika kwamba mwalimu alipwe na umma kwa sehemu tu, kwa kuwa akilipwa chote na umma atajifunza upesi kuipuuza kazi yake. Smith huyo huyo alitaka serikali ianzishe shule ndogo katika kila parokia, zenye ada ambayo hata kibarua wa kawaida angeimudu. Hakuwa adui wa shule za umma, ingawa siku hizi jina lake hutajwa kana kwamba alikuwa.

Nguvu ya hoja hiyo nimeishuhudia. Nimekaa katika vikao vya wazazi ambamo kila mmoja wetu alijua kuwa mwalimu wa hisabati hakuonekana darasani kwa sehemu kubwa ya muhula. Mwalimu mkuu alituahidi kuwa suala hilo linashughulikiwa, sisi tukapiga makofi ya adabu, na wazazi wachache wenye uwezo wakawahamisha watoto wao kimyakimya kabla muhula haujaisha. Tuliobaki tulikuwa wazazi ambao mwalimu mkuu hakuwa na sababu yoyote ya kutuogopa. Mtu anayesema kuwa vocha italeta ubaguzi anapaswa kukumbuka kwamba ubaguzi upo tayari: mwenye fedha anachagua, asiye nazo anasubiri. Kumpa maskini uwezo wa kuondoka ni kumpa sauti ambayo vikao havikuwahi kumpa.

Hata hivyo, yaliyotokea pale mpango huo ulipojaribiwa kwa upana yanastahili kusomwa kwa utulivu. Chile iliuanzisha mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi. Serikali ililipa kwa kila mwanafunzi, na fedha hizo zilimfuata mtoto hadi shule ya manispaa au shule binafsi, ikiwa ni pamoja na shule zilizoendeshwa kwa faida. Shule binafsi zenye ruzuku ziliongezeka hadi zikabeba zaidi ya nusu ya wanafunzi wote. Ilitarajiwa kwamba shule zingeshindana kwa kufundisha vizuri zaidi. Lakini kuna njia nyingine ya kushindana, rahisi mno kuliko kufundisha, nayo ni kumchagua mwanafunzi. Shule inayopokea watoto waliokwisha kujua kusoma, wenye wazazi wasomi na nyumba tulivu, itatoa matokeo mazuri hata kama walimu wake ni wa kawaida, na mzazi anayetazama orodha ya matokeo hawezi kujua ni kiasi gani kimetokana na mwalimu na kiasi gani kimetokana na mtoto mwenyewe. Ndipo yakaja majaribio ya kuingia na usaili wa wazazi, na baada ya mwaka 1993 shule zenye ruzuku zilirahisishiwa njia ya kuwatoza wazazi nyongeza juu ya kile kilicholipwa na serikali. Soko lililokusudiwa kumpa mzazi uchaguzi likawa limeipa shule uchaguzi.

Wanafunzi wa sekondari wa nchi hiyo waliingia barabarani mwaka 2006, na maandamano yao yalizaa mabadiliko ya hatua kwa hatua. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria ya kuongeza fedha kwa shule inayompokea mtoto wa familia maskini, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo rekebisho la busara kuliko yote, kwa kuwa lilimfanya mtoto huyo awe wa kutafutwa badala ya kukwepwa. Mwaka 2015 sheria nyingine ikaanza kuondoa faida, nyongeza za ada na uteuzi wa wanafunzi katika shule zinazopokea fedha za umma. Uchaguzi wa mzazi haukufutwa; kilichobanwa ni uchaguzi wa shule.

Uswidi ilichukua njia yake mwaka 1992, ikiruhusu kampuni za faida, na miaka michache baadaye ikapiga marufuku nyongeza za ada. Huko nako shule zinazopendwa zimekuwa zikipokea watoto kwa kufuata foleni, na mzazi anayezijua taratibu humwandikisha mwanawe angali mchanga, ilhali mgeni aliyehamia juzi anakuta foleni imejaa. Mwaka 2013 kampuni moja kubwa ya shule ilifilisika, na maelfu ya wanafunzi wakalazimika kutafutiwa mahali pengine pa kusomea. Jambo hili hupitwa haraka mno na watetezi wa ushindani. Katika biashara, kufa kwa duka bovu ni afya ya soko, kwa sababu mteja anavuka barabara na kununua kwingine siku hiyo hiyo. Shule inapokufa, watoto wamo ndani yake, na mwaka wa masomo uliovunjika haurudishwi dukani wala haulipwi fidia.

Naunga mkono, basi, fedha kumfuata mtoto, ila shule isiruhusiwe kumkataa, isimtoze nyongeza, na ilipwe zaidi kwa mtoto mwenye mahitaji makubwa zaidi. Uholanzi imekuwa ikizigharamia shule za umma na za binafsi kwa usawa tangu ilipobadili katiba yake mwaka 1917, na ukaguzi wa serikali unazifikia zote, kwa hiyo hakuna sababu ya kudai kuwa jambo hili haliwezekani. Penye wakazi wachache, ambako shule ni moja tu, mambo ya vocha ni ya kusikia redioni. Huko serikali iendeshe shule na iiendeshe vizuri.

Kuhusu tiba mambo yanabadilika. Mgonjwa haulizwi uji, na msemo huo umebeba nusu ya elimu ya uchumi wa afya. Mwaka 1963 mchumi Kenneth Arrow alieleza kwa kirefu kwa nini tiba haifanani na bidhaa nyingine: mgonjwa hajui ataugua lini, hajui anahitaji nini, na hata baada ya kutibiwa mara nyingi hajui kama amepona kwa dawa au kwa kudra za Mungu. Anayemwambia kuwa anahitaji upasuaji ndiye atakayelipwa kwa kumpasua. Tunamtegemea daktari avae kofia mbili kwa wakati mmoja, ya mshauri wetu na ya muuzaji wetu, na kinachomzuia asitugeuze mtaji ni kiapo na dhamiri, vitu ambavyo soko halikuvitengeneza ila linaweza kuvichakaza.

Usiku mmoja nilimpeleka ndugu yangu hospitali akiwa anavuja damu, nami nimemfunga shati langu mkononi. Dirishani nilipewa fomu ya kukubali kulipia gharama zote zitakazojitokeza. Mimi ni karani. Kazi yangu ya maisha imekuwa kuwaambia watu wasome kabla ya kutia saini. Usiku ule niliitia saini fomu ile bila kusoma hata mstari mmoja, na kama wangeniletea nyingine kumi ningezitia saini zote. Simlaumu aliyenipa fomu, kwani alifuata utaratibu wa mahali pake. Ninachosema ni kwamba wakati ule sikuwa mnunuzi, na makubaliano tuliyoyafanya kupitia dirisha lile hayakuwa biashara kwa maana yoyote ambayo Adam Smith angeitambua.

Watetezi wa soko watanijibu kuwa dharura ni sehemu ndogo tu ya tiba, na kwamba kwa mambo mengine mtu akilipia mfukoni ataacha kutumia huduma ovyo. Jibu hilo lina ukweli wake, na liliwahi kupimwa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani iliendesha jaribio kubwa ambalo familia ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikitibiwa bure na nyingine zikichangia viwango mbalimbali. Waliochangia walitumia huduma kidogo zaidi, na kwa wengi wao afya haikudhoofika kwa namna ya kuonekana. Hilo tulikubali. Lakini jaribio hilo hilo lilionyesha kuwa watu walipunguza tiba ya lazima karibu sawa na walivyopunguza ile isiyo ya lazima, kwa sababu mgonjwa hana namna ya kuzitofautisha, na kwamba maskini wenye shinikizo la damu ndio waliopata nafuu kubwa walipotibiwa bure. Bei ilimfukuza mwenye mafua, na ilimfukuza pia yule ambaye mishipa yake ilikuwa hatarini bila yeye kusikia maumivu yoyote.

Bima nayo ina ugonjwa wake. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alionyesha jinsi soko linavyoweza kuporomoka pale upande mmoja unapojua zaidi ya mwingine. Mwenye maradhi huikimbilia bima, mwenye afya huona mchango ni mkubwa akajitoa, mchango unapanda kwa waliobaki, na wengine wenye afya wanajitoa tena. Kampuni kwa upande wake hujitahidi kumtambua mgonjwa mapema na kumfungia mlango. Hapa panafanana kabisa na shule inayochagua wanafunzi: faida rahisi haipatikani kwa kuhudumia vizuri, inapatikana kwa kuchagua wa kuhudumia.

Nchi zinazosifiwa kwa kulitumia soko katika tiba zililifunga kamba kwanza. Uswisi tangu mwaka 1996 inamlazimisha kila mkazi kukata bima ya msingi, inailazimisha kampuni kumpokea kila anayeomba, na hairuhusu faida katika bima hiyo. Uholanzi ilifuata mwaka 2006 kwa masharti yanayokaribiana, pamoja na mfuko wa kuzifidia kampuni zilizobeba wagonjwa wengi. Singapore, ambayo hutajwa kila mara kama peponi pa soko, ilianzisha mwaka 1984 akiba ya matibabu ambayo mfanyakazi hana hiari ya kuikataa, ina bima ya lazima kwa wote tangu mwaka 2015, na vitanda vingi vya hospitali zake ni vya umma. Marekani, ambako kamba zimekuwa legelege kuliko nchi nyingine tajiri, inatumia zaidi ya asilimia 17 ya pato lake la taifa kwa afya na bado ina mamilioni ya watu wasio na bima; na hata huko, mwaka 1986 ilibidi itungwe sheria ya kuzilazimisha hospitali zimhudumie mgonjwa wa dharura bila kuuliza kwanza kama ana uwezo wa kulipa. Miwani, meno ya bandia na mambo mengine ambayo mtu hupata muda wa kulinganisha, soko liachwe lifanye kazi yake. Yaliyobaki yahitaji kamba, na nyingi.

Nimefika katika jambo ninalolijua kwa mikono yangu. Wapo wanaosema kuwa mahakama ni huduma kama nyingine, kwamba anayefungua shauri ndiye anayenufaika na hivyo ndiye agharamie, na kwamba magereza yaendeshwe na kampuni kwa kuwa zitapunguza gharama. Hata Smith aliwahi kuvutiwa na fikra ya ada mahakamani. Aliona kwamba mahakama za kale za Uingereza zilikuwa zikigombea mashauri kwa sababu ya ada, na akadhani kuwa mashindano hayo yaliwafanya majaji wawe wepesi na makini. Kwa heshima zote, karani yeyote angemuuliza swali moja: mahakama hiyo ilichaguliwa na nani? Ilichaguliwa na mdai. Mdaiwa hakuulizwa. Mahakama inayotafuta wateja itajifunza kuwapendeza wadai, na mdaiwa atajikuta mbele ya kesi ya nyani ambayo ngedere ndiye hakimu. Siku hizi hali hiyo inajitokeza kwa sura nyingine, pale kampuni inapoandika ndani ya mkataba wa ajira kuwa migogoro yote itapelekwa kwa msuluhishi fulani. Mfanyakazi atapita kwa msuluhishi huyo mara moja katika maisha yake. Kampuni itapita kila mwezi.

Wafanyabiashara wawili wenye nguvu sawa wanaweza kuchagua msuluhishi wao, na wamekuwa wakifanya hivyo kwa mafanikio. Mkataba wa kimataifa wa New York wa mwaka 1958 umewawezesha kuzitekeleza tuzo zao, yaani maamuzi ya msuluhishi, katika nchi nyingi. Lakini hata hapo, aliyeshindwa akigoma kulipa, aliyeshinda anaipeleka tuzo yake kwenye mahakama ya dola.

Nakumbuka mwashi mmoja, mtu mzima, aliyefika dirishani kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amemjengea mtu ukuta, kazi ikaisha, malipo hayakuja. Nilimsomea orodha ya ada: ya kufungua shauri, ya kiapo, ya kumpelekea mdaiwa wito. Akaniomba nirudie, nikarudia, naye akahesabu kwa vidole. Kisha akaniuliza, “Ndugu karani, nikishalipa hizi zote halafu nikashinda, kitabaki nini?” Nilimweleza kuwa akishinda mahakama inaweza kuamuru arudishiwe gharama zake. “Na huyo akigoma kulipa tena, kama alivyogoma mwanzo?” Nilianza kumweleza taratibu za kukaza hukumu, nazo zina ada zake, nikaona macho yake yameshuka. Aliikunja karatasi kwa mikunjo ile ile, akanishukuru kama vile nimemsaidia, akaondoka.

Kwa mahesabu ya soko, mtu huyo alipima bei, akaona huduma haimfai, akaitumia hiari yake. Lakini hakwenda kununua haki kwingine, kwa sababu haki haiuzwi kwingine. Aliiacha mkononi mwa yule aliyemdhulumu. Zaidi ya hapo, yule mdaiwa amejifunza kitu, na mwashi mwingine atakayemjengea mwakani atalipa gharama ya somo hilo ingawa hajawahi kuliona dirisha langu. Shauri ambalo halikufunguliwa halina namba, halimo katika rejista, na taarifa ya mwaka itaonyesha kuwa mrundikano wa kesi umepungua.

Uingereza ilipita njia hii ikarudi. Mwaka 2013 serikali iliweka ada katika mabaraza ya kazi, ambako wafanyakazi hudai ujira na kupinga kufukuzwa, na ada hizo zilifika pauni 1,200 kwa mashauri ya aina fulani. Madai yaliyofunguliwa yakapungua kwa takriban theluthi mbili. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilikwenda mahakamani, na tarehe 26 Julai 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatamka kuwa ada hizo ni kinyume cha sheria, kwa sababu ziliwazuia watu kuifikia haki. Kilichonigusa zaidi katika hukumu hiyo ni jinsi ilivyokataa dhana kuwa anayenufaika na shauri ni yule aliyelifungua peke yake. Hukumu hiyo iliwakumbusha wasomaji wake shauri la mwaka 1932 la May Donoghue, mwanamke aliyedai kuwa alikuta mabaki ya konokono katika chupa ya kinywaji cha tangawizi. Kinywaji hicho kilikuwa kimenunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na yeyote, na kwa sheria ya soko peke yake hakuwa na la kudai. Mahakama ikaamua kuwa mtengenezaji anawajibika kwa mlaji hata kama hakumuuzia yeye. Kila anayekula au kunywa kitu kilichofungwa kiwandani katika nchi zinazofuata sheria hiyo analindwa na uamuzi ule. Na Donoghue aliweza kufika mahakama ya juu kabisa kwa sababu alikubaliwa kuwa fukara, akasamehewa dhamana ya gharama. Angetakiwa kulipia kama mteja, uamuzi ule usingepatikana kwa mkono wake.

Kuhusu magereza nitasema machache, kwani mambo yenyewe yanajieleza. Mfungwa ndiye mtu wa mwisho duniani anayeweza kuondoka. Kampuni inayolipwa kwa idadi ya vitanda vilivyojaa haina sababu ya kutamani vipungue. Katika wilaya ya Luzerne, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, iligundulika kuwa majaji wawili walipokea zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu waliojenga na kumiliki vituo binafsi vya kuwashikilia watoto, huku watoto wakipelekwa huko kwa makosa madogo madogo. Mahakama ya juu ya jimbo ilifuta hukumu za maelfu ya watoto hao, na mwaka 2011 mmoja wa majaji akahukumiwa miaka 28 jela. Uingereza na Wales nako, mwanzoni mwa mwaka 2015 kampuni binafsi zilikabidhiwa sehemu kubwa ya kazi ya kuwasimamia wahalifu walioachiwa au wanaotumikia adhabu nje ya gereza, na kufikia mwaka 2021 kazi hiyo ilikuwa imerudishwa serikalini. Dhamana ya biashara ya Marekani, ambapo kampuni humdhamini mahabusu kwa malipo, nayo humtoza mtu huyo kwa kawaida asilimia 10 ya kiasi kilichopangwa, fedha ambazo hazirudi hata akionekana hana hatia. Jimbo la Illinois lilifuta dhamana ya fedha mwaka 2023.

Sitetei uzembe wa ofisi za serikali. Nimewaona makarani wenzangu wakimwambia mtu arudi kesho, naye akarudi kesho akaambiwa arudi Jumatatu, na najua kuwa wengi wanaolitamani soko wamechoshwa na dirisha kama hilo. Wana haki ya kuchoka. Ila dawa ya karani mvivu ni msimamizi, muda uliowekwa kisheria na mahali pa kumlalamikia, kwa sababu mahakama ya pili ya kumkimbilia haitakuwapo.

Naomba, kwa hiyo, wanaoandaa mapendekezo ya kubinafsisha huduma hizi wayalete mbele ya wananchi moja moja, elimu peke yake, tiba peke yake, na haki peke yake, ili yeyote asipitishiwe gereza la kampuni kwa kuwa alipenda vocha ya shule. Kwa mahakama nina ombi moja zaidi, dogo, ambalo linaweza kutekelezwa bila sheria mpya: kila masjala iwe na daftari la watu wanaofika dirishani na kurudi bila kufungua shauri, pamoja na sababu iliyowarudisha. Kwa miaka yote niliyokaa pale hatukuwa nalo. Tungalikuwa nalo, jina la yule mwashi lingalikuwamo.

Ni mimi msomaji wako,

Karani mstaafu wa mahakama